Massey 135 kuvuja oili tairi la nyuma: ringi ya beringi usikubali ichomewe

Yakhe, simama hapo hapo ulipo. Huyo fundi usimpe hata advansi.

Umeandika kutoka huko Pemba kwamba trekta yako ya Massey 135 inamwaga oili tairi la nyuma la kushoto, breki ya upande huo haishiki, haidroliki inanyanyua kwa kujivuta, na unataka kujua utie oili gani, spea utazipata wapi, na kama kazi yenyewe utaiweza bila ya kumlipa mtu. Maswali ya maana. Lakini katikati umechomeka maneno kana kwamba si kitu: fundi kasema ile ringi inayobana beringi kwenye shafti akishaitoa ataipiga msasa, atairudisha, halafu "ataipiga pointi tatu za kuchomea isije ikacheza". Nikarudi kusoma nikidhani macho yangu. Pointi tatu! Ndo hizo hizo zilizonikalisha mie kwenye bonde la mpunga la Cheju, huku Unguja, kaskazi inakwisha, watu mbegu zao za mpunga ziko majumbani wanangojea kuburugiwa, na mwenye trekta yuko juu ya tuta anaangalia tairi lake limelala peke yake.

Ngoja nikueleze kulivyo huko ndani, kwa sababu mie wakati naambiwa sikujua, nikawa naitikia tu: ndio fundi, sawa fundi.

Shafti ya nyuma ya 135 na sahani yake inayofungiwa tairi ni chuma kimoja. Ukitoka kwenye sahani kuingia ndani, unakutana kwanza na bamba lenye sili ya nje, ile inayozuia oili isitoke, kisha beringi, kisha ndo hiyo ringi. Ringi imeingia kwa kubana kweli kweli. Haina nati, haina pini, haina kitu. Kinachoizuia shafti isitoke nje na tairi lake ni mbano huo tu. Hapo pasome tena. Tairi la rimu ya inchi 28, pengine na maji limetiwa, linavutwa kwenda nje kila unapokata kona, na kinacholishika ni pete ya chuma inayoenea kiganjani.

Sasa ukitaka kubadilisha sili ya nje huna njia nyengine, lazima ringi itoke, na nzima haitoki. Inatobolewa kwa drili, na tundu lisifike kwenye shafti. Halafu patasi inawekwa pale palipotobolewa, nyundo moja ya maana, inapasuka. Ukisikia ule mlio ujue imeshakufa, inayorudi ni mpya. Fundi akikwambia ana ujanja wa kuitoa nzima, basi ama ataivuta kwa pula mpaka ndani yake ikwaruzike na kupanuka, ama ilikuwa haibani tangu mwanzo. Kwa vyovyote ikirudi haibani tena, naye analijua hilo vizuri. Ndo maana anataka moto.

Wangu mie alikuwa mtu mzima mwenye mvi zake, ovaroli ina oili ya tangu enzi za Mzee Karume, kwa maneno yake mwenyewe. "Mwanangu, mie matrekta nayafungua babaako hajaoa." Kwa heshima ya mvi nikanyamaza. Ringi mpya ilikuwa iagizwe Dar ije na boti, na yeye akasema wauza spea wanakula pesa za watu bure tu, chuma ni chuma. Chuma ni chuma! Mpaka leo mtu akilitamka neno hilo mbele yangu natoka jasho.

Alichokifanya ni hiki. Waya wa arthi aliubana kwenye bamba la breki, kwa vile ndo lililokuwa karibu na mkono wake. Rodi akaiweka upande wa pili, kwenye ringi. Maana yake umeme wote ulipita ndani ya beringi. Rola zikirukiwa na cheche namna ile zinaota vidoa vidogo vidogo. Ukizungusha kwa mkono husikii kitu, zikishapata kazi zinaanza kunguruma. Joto nalo likalainisha chuma cha beringi, na mdomo wa sili mpya, sili niliyoinunua mie, iliyokaa pale pale nyuma ya beringi, ukakauka ukawa mgumu kama kaki. Na kabla hujaniuliza: ndio, mie ndo niliyemshikia tochi.

Hayo yote madogo. Shafti ile ni chuma kilichokomazwa kwa joto. Ukikidondoshea weldi ya ghafla, bila ya kukipasha kwanza na bila ya kukiacha kipoe taratibu, pale ubavuni mwa weldi panakuwa pagumu pakavu na ufa unaanzia hapo. Huuoni. Umefunikwa na bamba, juu yake dramu, juu yake tairi, na juu ya vyote yuko fundi anakwambia kazi imekwisha mwanangu, lete soda.

Mwanzo trekta ilikaa kimya, hata tone la oili hakuna, nikawa namsifu mzee wa watu kila barza ninayokaa. Baadaye breki ya kushoto ikaanza kukwaruza na dramu likawa linapata joto bila ya kukanyagwa. Nikasema lainingi mpya hizo, zinajikalisha. Halafu siku hiyo nakata kona mwisho wa jaruba, naona kati ya tairi na madigadi pamekuwa na nafasi ambayo asubuhi haikuwepo. Nikakanyaga klachi. Trekta ikasimama, tairi halikusimama. Lilitoka lote, na sahani yake, na dramu, na kipande cha shafti kimebaki katikati, na nyuma trekta ikaketi kwenye tope kwa bamba la breki. Kile kipande nilikiokota nikakipangusa kwa kanga ya mtu. Pale kilipokatika, kiasi cha theluthi palikuwa peusi pana kutu, ndo ufa wa zamani huo ulivyokuwa unatambaa huku mie naburuga. Sehemu iliyobaki inang'aa, imekatika siku ile ile. Tope la Cheju ni laini na mwendo wa kuburuga ni wa kobe. Ingekuwa njiani Dunga nimerudi na spidi, leo angekuandikia mrithi wangu.

Shafti, beringi, sili ya nje na ya ndani, ringi, bamba la breki lililopinda, lainingi zilizolowa, madigadi. Juu yake advansi za watu wa majaruba nizirudishe, na maneno yao niyasikilize. Yote hayo kwa kukimbia bei ya ringi. Mzee alipoitwa akakigeuza kile kipande, akasema chuma cha siku hizi kibovu. Cha siku hizi! 135 zilianza kutoka kiwandani mwaka wa Mapinduzi, 1964, na shafti yangu ilikuwa ile ile iliyokuja nayo. Imelima mikononi mwa watu wangapi sijui, ikaja kuuliwa na pointi tatu za mtu mmoja kwa mchana mmoja. Pesa yangu hakurudisha, na soda ameshakunywa.

Kwa hiyo mie nna sharti moja tu, na ukiniuliza jengine nitakurudisha hapo hapo: ringi iliyotoka hairudi, na moto wa kuchomea hauigusi shafti. Ringi mpya haiko mkononi? Trekta haifunguliwi. Acha ivuje, weka kopo chini, tia oili asubuhi. Utalima kidogo na breki moja na utakuwa na adabu njiani.

Ringi mpya inaingia kwa presi, au inapashwa moto yenyewe peke yake, sawasawa pande zote, kisha inashushwa haraka mpaka ikae juu ya beringi na ishikiliwe hapo mpaka ipoe. Shafti ikilala kwenye barafu kwanza inasaidia. Mie nimekwenda nayo Malindi ya hapa mjini Unguja kwa wauza samaki, wakanicheka, lakini iliingia. Na kabla ya kuishusha angalia mara mbili kwamba bamba na sili yake vimeshavaa kwenye shafti, na upande wa sili wenye springi unaangalia kwenye oili. Nimemuona mtu kaipiga ringi mpya, kafurahi, kageuka nyuma bamba liko kwenye gunia. Akarudia drili na patasi. Sikucheka sana, mie nna historia.

Shimu nyembamba utakazozikuta kwenye bamba usizitupe wala usizichanganye, zinapima mchezo wa shafti. Sili ya ndani, ile inayokaa kwenye mkono wa ekseli, badilisha na yenyewe maadamu umeshafungua. Beringi pia ukiisikia inakwaruza, kwani ikiwa shafti inacheza sili yoyote mpya itakufa tu. Jaribio lake rahisi: nyanyua upande huo, weka stendi ya chuma chini ya ekseli (si mawe, si kigogo cha mnazi, na magurudumu ya mbele yatiliwe kabari), shika tairi juu na chini ulitikise, kisha livute na ulisukume. Likigonga, ugonjwa si sili peke yake.

Tena kabla ya yote hayo pima oili trekta ikiwa pahala tambarare. Najua Pemba tambarare ya kutafuta kwa tochi, lakini trekta iliyolazwa kwenye mteremko oili yake yote inasukuma sili ya upande wa chini, na aliyepima hapo anaongeza isiyohitajika. Tundu la kupumulia nalo litazame, nyigu wanapenda kulijengea. Likiziba, joto linaleta shindikizo ndani, na shindikizo linatokea kwenye sili. Wako watu wamebadilisha sili dawa ikiwa ni kijiti.

Yule aliyekujibu kabla yangu akakushauri utie oili ya namba 140 eti nzito haitavuja, mwache aitie kwenye yake. Kwenye 135 oili ni moja: ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki, zaidi ya lita 30 kwa pamoja, na pampu ya haidroliki imekaa mle mle ndani inanywa humo. Ukiifanya nzito unaizamisha pampu. Inatakiwa oili ya trekta inayofanya kazi zote hizo pamoja, na kitabu cha trekta kinaitaja. Na ukikuta nyeupe ya maziwa, maji yameingia, mwaga yote. Haidroliki yako nitaieleza siku nyengine.

Breki za 135 ni za fito, hazina oili ya breki, kwa hiyo chochote kilicholowa ndani ya dramu kimetoka kwenye ekseli, usikubali kubabaishwa na mtu anayetaka kukuuzia vyengine. Lainingi zikishakunywa oili zimekwisha. Watu wanazifua kwa petroli, wengine wanazichoma. Zinashika asubuhi, mchana trekta ikipata moto oili inarudi juu. Mpya, na ubadilishe pande zote mbili, la sivyo ukikanyaga itakupinda upande mmoja. Vumbi lililomo ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Futa kwa kitambaa cha maji.

Kama utaiweza mwenyewe? Kufungua tairi, dramu na bamba, na kuvuta shafti nje, ndio, ukipata vijana wawili wa kubeba. Ringi peke yake ndo peleka kwenye presi, au kwa mtu uliyemuona kwa macho yako akiishusha. Shafti ikiwa nje ipangushe, ulipitishe jua juu yake pale karibu na kiti cha beringi utafute ufa, na pale mdomo wa sili unapogusa pitisha ukucha: ukucha ukikwama pana mfereji, na hapo sili mpya utaitia kwa kujifurahisha tu.

Kwenye spea nenda na ringi ya zamani mkononi hata kama imepasuka, wapime mbele yako. Wakisema sili wanayo ila ringi hawana, usinunue sili, utakuja kushawishika. Subiri boti ya pili.

Na fundi wako akishikilia pointi zake tatu, mwambie geti langu huku Unguja bawaba imeng'oka. Aje aichomee, nauli ya boti juu yangu.