Kompyuta ya kwanta itavunja kipi: RSA au hashi za PIN?

Swali: Mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo una cheti cha RSA cha biti 2048, na PIN za wanachama (tarakimu 4) tumezihifadhi kwa SHA-256, yaani hashi inayogeuza PIN kuwa msimbo usiorudishika. Mshauri anasema kompyuta za kwanta zitavunja vyote viwili, maana vyote vinategemea funksheni za njia moja. Tuanze na kipi?

Jibu: Vyote viwili ni rahisi kwenda na vigumu kurudi, hilo ni kweli. Ila ugumu wake hautoki mahali pamoja.

Usalama wa RSA unategemea ugumu wa kupata namba mbili zilizozidishwa kuunda namba kubwa. Ina mpangilio ndani yake, na mpangilio huo ndio unaoiponza. Chukua 21. Zidisha kwa 2 mfululizo, kila mara ukibaki na baki la kugawanya kwa 21: 2, 4, 8, 16, 11, 1, kisha unarudi kwenye 2. Mzunguko una hatua 6. Nusu yake ni 3, na 2 kwa kipeo cha 3 ni 8. Toa 1 upate 7. Jumlisha 1 upate 9, ambayo KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake na 21 ni 3. Tayari: 7 × 3. Kwa namba ya tarakimu 617, kama ya cheti chenu, kompyuta ya kawaida haiufikii mzunguko huo. Mbinu ya Peter Shor ya 1994 inaufikia. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kazi hiyo ingehitaji kyubiti (biti za kwanta) milioni 20 kwa saa 8. Mwaka 2025 Gidney akashusha hadi chini ya milioni 1, kwa muda usiofika wiki. Mashine ya ukubwa huo bado haijajengwa.

SHA-256 haina mzunguko wa kushikia. Kinachobaki ni kubahatisha, na mbinu ya Lov Grover (1996) inapunguza majaribio kutoka 2^256 hadi 2^128 hivi. Tena hatua zake hufuatana, kwa hiyo mashine 100 zinaharakisha mara 10 tu.

Lakini PIN zenu hazihitaji kwanta! Tarakimu 4 ni michanganyiko 10,000. Kompyuta ya mezani inaimaliza kabla hujapepesa jicho. Hata Argon2id, hashi iliyoundwa makusudi kuwa ya polepole, ikichukua sekunde nzima kwa kila jaribio, ni chini ya saa 3 kwa PIN moja. Tumieni HMAC, yaani hashi inayochanganywa na ufunguo wa siri, ufunguo huo ukikaa nje ya hifadhidata, na fungeni akaunti baada ya majaribio machache. Anzeni hapo, wiki hii.

Halafu njooni kwenye TLS, itifaki inayosimba mawasiliano na seva yenu, na si kwenye cheti bali kwenye mabadilishano ya funguo. Mawasiliano yaliyorekodiwa leo yanaweza kufunguliwa miaka ijayo; kughushi cheti kunahitaji mashine iwepo siku hiyohiyo. Wekeni TLS 1.3 na OpenSSL 3.5 (programu inayoendesha TLS), kisha jaribuni:

openssl s_client -connect seva:443 -groups X25519MLKEM768

Muunganisho ukining'inia kabla cheti hakijaonekana, kagueni faiwoli. Ufunguo huu ni mseto wa X25519 ya kawaida na ML-KEM inayohimili kwanta, na una baiti 1,216 badala ya 32, hivyo ujumbe wa kwanza hugawanyika pakiti mbili, na vifaa vya zamani huutupa.

Msiiondoe X25519 mkabaki na ML-KEM peke yake. SIKE, mbinu nyingine ya kubadilishana funguo, nayo ilikuwa imeundwa kuhimili kwanta, na mwaka 2022 ilivunjwa na kompyuta ya kawaida, kwa kiini kimoja cha prosesa, ndani ya saa 1 hivi. Hadi sasa hakuna aliyethibitisha kwamba funksheni ya njia moja ipo hata moja.