Alama 14 kwenye fomu ya PHQ-9: je, ni ugonjwa wa akili?

SWALI: Daktari, nilienda kliniki hapa Kisumu kwa ajili ya uchovu na kukosa usingizi, wiki moja baada ya kumaliza dawa za malaria. Nikasomewa maswali tisa ya fomu iitwayo PHQ-9, nikapata 14. Nimeambiwa afya yangu ya akili si nzuri. Ndiyo kusema nina ugonjwa wa akili? – Msomaji, Nyalenda

JIBU: Bado. Afya ya akili kila mtu anayo, na hupanda na kushuka. Ugonjwa huthibitishwa na mtaalamu baada ya mahojiano. PHQ-9 huchuja tu, yaani huonyesha nani achunguzwe zaidi. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Kati ya 10 na 14 husomwa kuwa dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, “depression”) za kiwango cha wastani.

Sasa tazama umefikaje 14. Maswali matatu yanahusu usingizi, uchovu na hamu ya chakula. Aliyetoka kuugua malaria, au mwenye upungufu wa damu, anaweza kujizolea alama 9 hapo bila huzuni yoyote. Omba uione fomu yako, uangalie maswali mawili ya kwanza: kutofurahia mambo, na kuvunjika moyo. Yakiwa na 0 au 1, chanzo kitafutwe kwanza mwilini: wingi wa damu, homoni za tezi ya shingo, na malaria kwa hadubini, maana kipimo cha haraka huweza kusoma chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Moja likiwa na 2 au 3, na dalili kwa jumla zimefika tano, basi mahojiano kamili ya sonona yanahitajika.

Fomu ikisomwa harakaharaka foleni ikiwa ndefu, mgonjwa hujibu “ndiyo” na kuandikiwa 3. “Ndiyo” haina alama. Lazima useme ni siku ngapi.

Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, halingoji jumla. Ukipata hata 1 hapo, zungumza na mhudumu siku hiyohiyo.

Ukipewa dawa ya sonona kama fluoxetine, kwanza uulizwe kama umewahi kuwa na siku za nguvu kupita kiasi bila kulala, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuichochea hali hiyo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, kwa hiyo usiiache dawa katika wiki ya kwanza. Usipopewa dawa, rudia fomu baada ya wiki mbili, uende na ile ya zamani mkononi.