Mwalimu, Usiache Chaki Kabla Hujajua Kudai Kianzio

Jumanne iliyopita mwalimu mmoja wa Singida aliniandikia. Amenikubalia niuweke ujumbe wake hapa: "Dada, shikamoo. Mimi ni mwalimu, huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Nimechukua laptopu kwa mkopo, usiku najifunza Illustrator. Nataka ikifika Desemba niache kazi nifanye dizaini tu. Wewe uliwezaje?"

Ujumbe wake ulinikuta na furaha ya Jumamosi bado mwilini. Siku hiyo nilikuwa supamaketi moja huku Mbezi natafuta unga wa ngano, nikainua macho, nikaiona. Asali ya Sikonge, chupa kumi na nne zimejipanga kwenye rafu, na lebo ni yangu. Nyuki yule nilimchora kwanza kwa penseli nyuma ya daftari la mwanangu, nikamfuta mara ngapi sijui mpaka mabawa yakakubali. Akaja mama mmoja, akachukua chupa, akaigeuza, akasoma nyuma, akaitia kwenye kikapu. Nilitamani nimshike mkono nimwambie. Sikumwambia, ila nilisimama pale mpaka unga nikausahau.

Kwa hiyo nitakujibu, mwalimu wangu, na najua jibu si lako peke yako. Wengi mnaonisoma mna mshahara mahali na moyo mahali pengine.

Mimi nilifundisha Jiografia miaka saba, sekondari ya serikali mkoani Pwani. Nilichokipenda kuliko vyote ni kuchora ramani ubaoni kwa chaki za rangi: kontua, mito, ufunguo wa ramani pembeni. Mwalimu wa kipindi kinachofuata alikuwa akiikuta ramani yangu haifuti, anabana maandishi yake kwenye upande uliobaki. Sikujua wakati ule kwamba kazi niliyokuwa naifanya ndiyo hii ninayolipwa leo. Nini kiwe kikubwa, nini kiwe kidogo, jicho lianzie wapi na litoke wapi.

Mwaka 2014 mkuu wa shule aliniomba nitengeneze ratiba ya mahafali ya kidato cha nne. Nikaenda steshenari ya karibu na stendi, kijana wa pale akanifungulia CorelDRAW, programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Nilikaa naye kila Jumamosi kwa miezi mitano, namlipa elfu tano na maandazi ya chai. Mahafali yakapita, mzazi mmoja akataka kadi za mchango wa harusi, mwingine za sendofu ya binti yake. Nikawa nadizaini kadi hadi saa nane za usiku, asubuhi naingia darasani kufundisha milima ya mikunjo na macho mekundu kama ya mlevi. Niliishi hivyo karibu miaka minne. Nisiwachoshe nayo, ilikuwa ni kadi, kadi, kadi.

Juni 2018 nikaacha kazi. Mama yangu alilia. Alisema, "Mwanangu, kazi ya serikali haiachwi kwa ajili ya kompyuta," akanyamaza, na tangu siku ile hakunigusia tena habari hiyo. Ukimya wake uliniuma kuliko maneno ya watu wote. Kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza, nawe ulijue mapema: kwenye ajira, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo ilikuwa inakata asilimia 15 ya mshahara wangu kabla sijauona. Nilipoacha, makato yaliisha, deni halikuisha. Nikawa nalipeleka mwenyewe, kwenye miezi ambayo hata umeme nanunua wa elfu mbili.

Sasa nikupeleke kwenye kosa lililonifundisha kazi. Nilipata oda ya vipeperushi 2,000 vya kituo cha mafunzo. Bluu niliyochagua ilikuwa inang'aa kwenye skrini, mteja akaipenda, nikaipeleka Kariakoo ikachapwe. Nilipokwenda kuchukua mzigo nilikuta zambarau. Siyo bluu iliyofifia, ni zambarau kabisa, na pembeni herufi za mwanzo za namba ya simu zimekatwa na mashine ya kukatia. Nililia mbele ya wanaume watano. Fundi wa mashine, mtu mzima wa makamo, akaniwekea kiti. Akaniambia, "Dada, kwenye kompyuta unaona mwanga. Hapa kwangu kuna wino." Akanieleza polepole kwamba skrini inachanganya nyekundu, kijani na bluu za taa, lakini mashine yake ina wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna bluu za taa ambazo wino huo hauwezi kuzifikia hata ufanyeje, zinaangukia zambarau. Akanionyesha pia kwamba karatasi ikikatwa kisu hucheza kidogo, kwa hiyo rangi ya nyuma lazima ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yakae ndani, mbali na ukingo. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi. Nembo isiwe picha, iwe mchoro wa vekta, yaani wa mistari badala ya nukta, ili ukiitaka kwenye kalamu au kwenye ukuta wa ghorofa isipasuke.

Niliyajua yote hayo kwa dakika arobaini, baada ya miaka minne ya kujiita dizaina. Kurudia kuchapa nililipa mwenyewe shilingi 640,000. Zilikuwa akiba yangu yote. Sijutii hata senti. Kila ninapofungua faili jipya, kitu cha kwanza ninachokagua ni rangi, na sauti ninayoisikia ni ya yule fundi. Ndiyo maana nakuambia, kabla hujaacha kazi nenda ukakae kwenye mashine. Wanaojifunza kwa video peke yake wanajulikana siku ya kwanza tu wakileta faili.

Sasa Arusha. Nimejiuliza kama niiandike, kwa sababu mpaka leo nikiigusa inauma.

Mwaka 2020 kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani ilinitafuta inataka nembo mpya. Utalii ulikuwa umelala kwa sababu ya korona, wakasema wanajiandaa wageni wakirudi. Mzungumzaji alikuwa mstaarabu mno. Alikuwa ananiita "mwalimu" baada ya kujua nilikotoka, ananiulizia mtoto. Tukaelewana shilingi 1,200,000 kwa mdomo, na kianzio, yaani malipo ya awali, sikudai. Niliona aibu. Nilijiambia mtu anayeniuliza hali ya mwanangu hawezi kunidhulumu. Nilichora wiki tatu. Nilimpa michoro mitatu, akachagua wa mti wa mgunga na jua nyuma yake, akataka marekebisho, nikarekebisha, akataka tena, nikarekebisha mara nane. Mwisho akaomba faili mama, lile lenye mchoro wenyewe, ili "bodi ilitazame vizuri". Nikatuma.

Baada ya hapo, kimya. Simu inaita haipokelewi. Ujumbe una tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Miezi mingi baadaye rafiki yangu akiwa Moshi alinipigia picha gari kwenye kituo cha mafuta. Mti wangu wa mgunga ulikuwa mlangoni mwa gari lile, na jua langu nyuma yake. Hata unene wa mstari wa chini nilioubishania usiku kucha ulikuwa vile vile.

Nilitaka kudai. Tanzania tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na michoro imo. Lakini nilipoulizwa mkataba sina, kianzio sikupokea, na mazungumzo yote yalikuwa kwenye simu iliyozama kwenye ndoo ya maji Februari. Nilikuwa na hasira tupu mkononi. Nilikaa mwezi mzima siwezi kuchora. Mume wangu akawa ananiletea chai mezani na kuondoka bila kusema kitu.

Ndipo nilipoweka sheria yangu, na hii ndiyo nataka mwalimu wa Singida aishike hata akisahau mengine yote. Asilimia 60 mwanzo, ndipo naanza. Asilimia 40 ikiingia, ndipo faili mama linatoka. Kabla ya hapo mteja anaona picha ndogo yenye jina langu katikati. Masahihisho ni mara tatu, ya nne ina bei yake. Yote yanaandikwa kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, na mteja anajibu kwa barua pepe "nimekubali". Shemeji yangu alilipa kianzio. Mchungaji wangu alilipa kianzio. Rafiki niliyesoma naye alichukia, akaniambia pesa zimenibadilisha, na urafiki wetu ulipoa mwaka mzima. Nilivumilia. Unamwonea aibu fundi cherehani anapokudai nusu kabla hajakata kitambaa? Fundi seremala je? Yeye ana mbao za kununua, utasema. Nami nina bando, umeme, na macho yangu. Dai kianzio. Mteja anayekimbia kwa sababu ya kianzio alikuwa anakimbia tu, amekuonyesha mapema.

Watakuja wa kukuambia mpwa wao anafanya bure kwenye Canva, programu ya dizaini ya mtandaoni. Usibishane nao. Watakie kila la heri. Anayetaka bango la siku moja huyo mpwa anamtosha kweli. Wewe tafuta mwenye bidhaa.

Mwenye bidhaa ndiye aliyeniinua, na huku ndiko ningependa walimu waje, kwa sababu kunataka mtu anayesoma masharti. Lebo ya asali si ua na nyuki tu. Kuna uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kuzalishwa na ya kuisha muda, namba ya toleo, na nafasi ya alama ya TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaoshughulikia na vyakula vilivyokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Kuna msimbomilia, ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta. Huyu mteja wangu wa Sikonge alitaka mistari ya msimbomilia iwe na rangi ya dhahabu ifanane na asali. Nilikataa. Tukavutana siku mbili. Mashine nyingi za kaunta zinasoma kwa mwanga mwekundu, na mistari ya rangi za machungwa, dhahabu au nyekundu zinaiona kama karatasi nyeupe. Nikamchapia mbili, ya dhahabu na nyeusi, nikampeleka duka la jirani tukaipitisha kwenye mashine. Ya dhahabu ilikaa kimya. Nyeusi ikalia mara moja, na namba zake zinazoanza na 620 zikatokea kwenye skrini. Akanishika bega, akasema, "Mwalimu, fanya unavyojua." Sikuwahi kusikia neno tamu kama hilo nikiwa darasani.

Mashirika na kampuni nazo zina yao. Niliwahi kukosa kazi ya ripoti ya kurasa 80 kwa sababu nilitakiwa kutuma profoma, yaani ankara ya awali, na TIN, namba ya mlipakodi, nami sina. Nikaenda TRA, mamlaka ya mapato, nikasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nikaacha kuonekana mtu wa mtaani. Wakikulipa watakata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo yako. Usigombane, omba cheti chake ukitunze kwa ajili ya hesabu zako za mwaka. Kuhusu wateja wa nchi za nje nitaandika siku nyingine. Ninaye mteja mmoja Muscat, mama mwenye asili ya Unguja anayeuza udi na manukato. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikatuishia nchi nzima, kazi yake ilikuwa ya kukabidhi kesho yake. Nilimpigia simu ya kawaida, ghali, nikamweleza. Akanijibu, "Mwanangu, bahari haina adabu, tutangoja." Faili lilipanda alfajiri ya siku ya tatu, nami nimekaa macho nalo. Alikuwa amenilipa kianzio wiki mbili kabla, na hakunidai kurudisha.

Mama yangu nilimpelekea chupa ya asali Jumapili. Aliisoma lebo yote, mbele na nyuma, kwa miwani yake, akauliza nyuki nimemchora mimi. Nikasema ndiyo. Akaiweka kabatini kwenye vyombo vya wageni, na mpaka naondoka hakuwa ameifungua.

Mwalimu wa Singida, kuhusu Desemba. Mimi sikuambii acha wala usiache. Miezi iliyobaki itumie kumpata mtu mmoja, asiwe ndugu, alipe asilimia 60 kabla hujawasha kompyuta. Alizeti imejaa huko kwenu, na wakamuaji mafuta wadogo wana madumu yasiyo na lebo ya maana. Anza nao Jumamosi hii. Ukimpata wa kwanza, mtafute wa pili, na wa tatu. Desemba ikifika na hujampata hata mmoja, rudi darasani Januari, laptopu haiozi. Ukimpata, nitumie kazi yake kabla haijaenda mashine. Nitumie faili lenyewe, siyo picha yake, nikutazamie ukingo na rangi.