Mwamko wa Ulaya: kwanza ulizeni nani alilipa

Kapu la maswali kuhusu Mwamko wa Ulaya, yaani Renaissance, ule wa kufufua elimu na sanaa za Wagiriki na Warumi wa kale ulioanzia kwenye miji ya Italia karne ya 14, limefurika. Nimechambua. Waliouliza "Mwamko ni nini?" wafungue kitabu cha historia.

Mwalimu ametuambia Mwamko ulianza mwaka 1453, Waturuki walipoiteka Constantinople (Istanbul ya leo) na wasomi wa Kigiriki wakakimbilia Italia. Ni kweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

Si kweli, ingawa jibu hilo hupewa alama kwenye mtihani. Petrarch, mshairi wa Italia, alizikuta barua za Cicero, mwanasiasa wa Roma ya kale, mjini Verona mwaka 1345. Manuel Chrysoloras, Mgiriki, aliajiriwa kufundisha Kigiriki Florence tangu 1397. Kuba la kanisa kuu la mji huohuo, kazi ya msanifu Brunelleschi, lilikamilika 1436. Wakimbizi wa 1453 walikuta shughuli imeshapamba moto. Walichofanya ni kuongeza kuni.

Picha ya Mona Lisa, ya Leonardo da Vinci, ina ujumbe wa siri?

Haina. Msiniulize tena.

Mbona wasanii kama Leonardo na Michelangelo hawazaliwi siku hizi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Wanazaliwa, hata Tandale. Wanachokosa ni mtu wa kuwalipa. Mnapenda sana hadithi ya kipaji kilichoshuka kutoka mbinguni, na ndiyo maana hamuulizi habari za fedha.

Chukua mkataba mmoja wa mwaka 1485. Mkuu wa nyumba ya kulea watoto waliotupwa, Florence, anampa mchoraji Domenico Ghirlandaio kazi ya picha ya madhabahuni. Mkataba unataka apake rangi kwa mkono wake mwenyewe. Buluu iwe ile ya thamani, ya takriban florini 4 (sarafu za dhahabu za Florence) kwa wakia moja, kwa sababu ilitengenezwa kwa jiwe lililotoka milima ya Afghanistan na mafundi walikuwa na tabia ya kuchomeka rangi ya bei poa. Kazi iishe ndani ya miezi 30. Malipo ni florini 115, lakini mkuu akiona picha haifikii bei hiyo, ana ruhusa ya kumwita mtu mwingine aithamini na kumpunguzia fundi fedha. Kipaji cha Ghirlandaio kilifanya kazi ndani ya masharti hayo.

Na waliolipa hawakuwa malaika. Cosimo de' Medici, tajiri wa Florence, aligharimia kuijenga upya monasteri ya San Marco huku familia yake ikiishi kwa benki, wakati Kanisa linahesabu riba kuwa dhambi. Mtu mwenye deni kwa Mungu hutoa kwa mkono mkunjufu. Matajiri wetu hujenga maghorofa ya kupangisha, kisha tunashangaa wachoraji wamehamia kwenye mabango ya saluni.

Kwa hiyo kabla ya hapo Ulaya ilikuwa gizani kabisa?

Habari za giza zilienezwa na kina Petrarch, waliotaka kuonekana wao ndio wamewasha taa. Vyuo vikuu vya Bologna, Paris na Oxford vilikuwepo tayari. Dante, mshairi mkubwa wa Italia, alifariki 1321, kabla Petrarch hajazikuta barua zile. Kitabu cha tiba cha Ibn Sina, tabibu Mwajemi aliyeandika kwa Kiarabu, kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo, Hispania, karne ya 12, na madaktari wa Ulaya wakakisomea kwa karne nyingi. Anayeandika historia ya Mwamko bila Waarabu na Waajemi anawaibia.

Michelangelo alichora dari la Sistine, kanisa la Papa kule Vatican, akiwa amelala chali?

Alisimama, shingo imepinda kwa nyuma, kati ya 1508 na 1512. Aliandika hadi shairi la kulalamikia mgongo wake, akajichora pembeni.

Sisi wa pwani Mwamko ulitufikia? (Msomaji, Mombasa)

Ulikufikieni na mizinga. Michelangelo alimaliza sanamu ya Daudi mwaka 1504. Mwaka uliofuata meli za Almeida, kamanda Mreno, ziliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Halafu nenda Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593. Aliyeichora ni Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Ramani yake ina umbo linalofanana na mwili wa mtu, kufuata imani ya wasanifu wa Italia kwamba vipimo bora vimo katika mwili wa binadamu. Wanaowatembeza wageni pale wawaambie pia kwamba hesabu hizo nzuri zilipigwa ili mji utawaliwe.

Nimetumiwa WhatsApp maneno mazuri ya Leonardo kuhusu ndoto na mafanikio. Naweza kuyatumia kwenye hotuba ya mahafali?

Leonardo aliacha maelfu ya kurasa za daftari, zimeandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyekutumia akikuonyesha ni daftari lipi na ukurasa gani, tumia. Akishindwa, wahutubie wahitimu kwa maneno yako.