Maswali na Majibu: Jangwani Peke Yako, Nani Anajua Umekwenda?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za jangwa na makorongo. Vijana wa Malindi mmenunua magari ya 4x4 na sasa kila mmoja anataka kwenda peke yake mahali pasipo watu. Hamu hiyo siilaumu. Nchi ni yetu, na kuijua ni jambo jema. Kinachonikera ni kwamba mnauliza gari, tairi na taa za juu ya paa, na hakuna anayeuliza ni nani atakayemtafuta asiporudi.

"Nina Prado. Desemba nataka kutoka Marsabit nivuke jangwa la Chalbi peke yangu, nipitie Maikona na Kalacha hadi North Horr. Prado itatosha au nitafute Land Cruiser?" (Maweni)

Itatosha. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi na jibu halijabadilika: gari lililoinuka, lenye gia nzito, ambalo fundi amelikagua mabomba, belti na rejeta, litakufikisha.

Ulipaswa kuuliza mwezi. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka. Mvua za vuli zikinyesha Novemba, juu panakauka upesi pakawa pagumu kama mkate wa mofa uliolala, lakini chini tope bado ni laini. Gari zito linapasua ile ngozi na kuzama hadi kwenye ekseli, na ukiwa peke yako hakuna wa kukuvuta. Fuata nyayo za magari yaliyopita jana, si za mwaka jana. Ukifika Maikona, waulize madereva wa malori na wachungaji wa Kigabra kabla hujaingia. Wao ndio wanaojua pamekauka wapi. Na lami isikudanganye. Kutoka Malindi hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 1,000 za starehe, halafu starehe inakatika ghafla.

"Maji nibebe lita ngapi?" (wengi)

Lita 6 kwa siku kwa mtu mmoja, za kunywa tu. Hesabu siku ulizopanga, uzizidishe mara mbili, kisha ongeza lita 10 za rejeta. Usiyatie yote kwenye mtungi mmoja, maana ukipasuka kwenye mashimo umekwisha. Soda usiihesabu. Visima vya kule ni vya ngamia na mbuzi, na vina wenyewe. Usivitie kwenye mpango wako.

"Nimesikia Bonde la Suguta ndilo lenye upweke kuliko pote Kenya. Naweza kwenda mwenyewe?" (Watamu)

Usiende. Ni miongoni mwa mahali penye joto kali kabisa nchini, na wezi wa mifugo wana silaha. Novemba 2012, karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa katika bonde hilo, na wao walikuwa wengi na wana bunduki. Wewe utakwenda na nini?

"Kila mara unarudia kwamba niache kwa mtu karatasi yenye njia na siku ya kurudi. Mimi ni mtu mzima, simu ninayo, na raha ya kwenda peke yangu ni kutojulikana nilipo. Mbona unalikazania hilo?" (Muyeye)

Nalikazania kwa sababu watu wanakufa kwa kukosa karatasi hiyo, nayo haigharimu kitu.

Aprili 2003, Mmarekani Aron Ralston, mpanda milima hodari, aliingia peke yake katika korongo la Bluejohn, jimbo la Utah. Hakumwambia mtu anakwenda wapi. Jiwe kubwa likateleza, likambana mkono wa kulia kwenye ukuta wa mwamba. Alikaa pale saa 127. Hakuna aliyekuja, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuanzia kumtafuta. Mwishowe aliivunja mifupa ya mkono wake, akaukata kwa kisu butu, ndipo akatoka. Nguvu alikuwa nazo, uzoefu alikuwa nao. Alichokosa ni kumwambia mtu mmoja sentensi moja.

Unasema una simu. Mahali pasipo mtandao, simu hiyo itakumulikia njia ya msalani, basi. Kama una uwezo, nunua kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na bado uache karatasi, kwa sababu betri huisha na vifaa huanguka.

Andika namba na rangi ya gari. Andika njia, na jina la kila mahali utakapolala. Andika siku ya kurudi, na chini yake saa ya mwisho: "Nisipopiga simu kufikia Jumapili saa 12 jioni, piga 999, kisha polisi wa Marsabit." Saa hiyo ndiyo roho ya karatasi, bila hiyo kila mtu atangoja mwenzake aanze kuwa na wasiwasi. Mpe mtu asiyeona haya kumwamsha afisa usiku wa manane. Rafiki wa kusema "huyo namjua, atarudi tu" hafai, hata kama mnakula sinia moja. Na ukibadilisha njia, mjulishe kabla mtandao haujakatika, la sivyo watu watahatarisha maisha yao wakikutafuta upande usiokuwepo.

"Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Ijumaa anataka kupita Wadi Bani Awf, korongo la milima ya Hajar huko Oman, peke yake na gari la kukodi. Anasema mbingu ikiwa safi hana wasiwasi. Nimwambie nini?" (Langoni, Lamu)

Dada, mwambie mbingu iliyo juu yake si ile ya kuangalia. Sisi wa Malindi hili tunalijua bila kufundishwa. Sabaki hufurika siku ambayo hapa hapajadondoka tone. Mvua imenyesha huko juu Nairobi na Ukambani, ikashuka na Athi, ikawa Galana, na sisi tunachoona ni bahari imegeuka rangi ya udongo na magogo yametapakaa ufukweni. Korongo hufanya vivyo hivyo, ila Sabaki hukupa siku za kujiandaa na korongo hukupa dakika. Mwamba haunywi maji. Yote yaliyonyesha mlimani yanatafuta ule mlango mwembamba ambamo yeye ameegesha gari.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, Arizona, kwa mvua iliyonyesha mbali juu yao. Msidhani ni mambo ya Marekani. Hapa kwetu, korongo la Hell's Gate, Naivasha, lilichukua vijana 7 wa kanisa Aprili 2012, kisha watu wengine 7 Septemba 2019. Na huko huko Oman, mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu wengi, wakiwamo watoto wa shule ambao gari lao lilisombwa.

Basi afanye hivi. Asome utabiri wa milima ya Hajar, si wa Muscat mjini. Kukiwa na dalili yoyote ya mvua, abaki nyumbani. Asilale wala kupumzika chini kwenye mkondo, hata kama kivuli kipo huko. Maji yakianza kuja na udongo na vijiti, au akisikia mngurumo, aache kila kitu apande juu kwa miguu. Gari lina mwenyewe na bima. Yeye ana watu wanaomtegemea. Na maji yakikatiza njia, angoje yapungue. Oman wanamwadhibu dereva anayejitosa kwenye wadi inayotiririka, na mimi natamani tuwe na ukali huo hapa. Desemba 2021 tulizika zaidi ya watu 30 wa basi moja lililoingia Mto Enziu, Kitui, huku watu wamesimama ukingoni wakitazama.

"Kwenye mchanga nipunguze upepo wa tairi kiasi gani?" (Mambrui)

Anza na presha 18 (psi). Mchanga ukiwa laini sana teremka hadi 15, lakini hapo usikate kona kali, tairi litachomoka kwenye rimu. Utajua imefika ukitazama ubavu wa tairi: unafura kidogo pale chini, na alama inayobaki mchangani ni pana na ya juujuu, si mfereji. Endesha polepole, usikanyage breki ghafla, na ukihisi gari linazama acha mafuta mara moja. Wengi hujizika wenyewe kwa kukanyaga zaidi. Chukua beleshi, mbao mbili za kutia chini ya tairi, geji, na pampu, kwa sababu ukirudi kwenye lami na presha 18 tairi litachemka na kupasuka.

Na kwa kuwa umeandika kutoka Mambrui: usijifunzie ufukweni. Kasa wanataga mayai kwenye mchanga wa pwani hii, na gari moja linaharibu kiota ambacho hata hukukiona.

"Petroli ya akiba naweza kubeba kwenye mitungi ya mafuta ya kupikia?" (Kisumu Ndogo)

Hapana! Plastiki ile inalainika kwa joto, mvuke unajaa ndani ya gari, na cheche moja inatosha. Nunua mtungi wa chuma wenye mpira kwenye kifuniko. Na hesabu mafuta upya: gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita kwenye lami, mchangani na gia nzito linaweza kushuka hadi 4.

"Kabla ya jangwa nataka mazoezi. Nitoke Mokowe peke yangu niende barabara ya Kiunga?" (Lamu)

Usiende, mwanangu. Barabara hiyo inapita msitu wa Boni, wenye operesheni ya usalama tangu 2015, na si ya mazoezi.

"Gari likikwama na nikaona kama kuna nyumba mbali, niende kwa miguu?" (Gede)

Kaa na gari. Julai 1996 Wajerumani 4, wawili wao watoto, walipotea Death Valley, California, na gari la kukodi la kawaida. Gari lilipatikana Oktoba katika korongo la Anvil, matairi yameisha upepo. Mifupa ya wazazi ilipatikana 2009, kilomita nyingi kutoka pale. Gari huonekana kutoka angani, mtu haonekani. Fungua boneti, tandika kitambaa cha rangi kali juu ya paa, kaa kivulini upande wa nje maana ndani ni tanuri, na unywe maji ukiwa na kiu badala ya kuyatunza.

"Naweza kushuka na pikipiki ndani ya korongo la Nyari, Marafa?" (Majengo)

Hapana, na wenyeji wakikuona wana haki ya kukuzuia. Zile kuta nyeupe, za waridi na nyekundu ni mchanga ulioshikana tu. Kila mvua inazila, na gurudumu linazila upesi zaidi. Hata ukingoni usisogeze gari, udongo unamomonyoka.

Lakini nenda. Kutoka Malindi ni kama kilomita 35, na mtu anayetaka kuzoea korongo hana sababu ya kuanzia Chalbi. Fika saa 10 jioni, kwa sababu mchana kule chini joto halivumiliki. Lipa kiingilio na umchukue kijana wa pale akuongoze. Mwache akupe hadithi ya matajiri waliooga maziwa wakati jirani zao hawana cha kunywa, kisha mwulize maji ya mvua huingilia wapi na hutokea wapi, umtazame anavyokuonyesha kwa kidole. Vaa viatu vyenye kushika, si ndala.