Puneeth Rajkumar: kwa nini Bengaluru bado inamlilia Appu

Mkuu, umeuliza yule jamaa anayetabasamu kwenye picha za bajaji huko Bengaluru ulikompeleka mzee kutibiwa ni nani, na kwa nini picha zake zinavishwa maua kama za marehemu wa nyumbani. Nilisoma mji huo, na siku anafariki nilikuwepo.

Ni Puneeth Rajkumar, mwigizaji wa sinema za Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka huko India, ambalo Bengaluru ndiyo mji mkuu wake. Wenyewe wanamwita Appu. Baba yake, Dk. Rajkumar, ndiye aliyekuwa nguzo ya sinema hizo, kwa hiyo mtoto alianza kuonekana kwenye filamu angali mchanga. Akapata tuzo ya taifa ya mwigizaji mtoto kwa Bettada Hoovu ya mwaka 1985, na mwaka 2002 akarudi akiwa nyota mkuu kwenye filamu iliyoitwa kwa jina lake hilo la nyumbani, Appu.

Ijumaa ya tarehe 29 Oktoba 2021 mama mwenye nyumba wangu, niliyemwita Amma, alikuwa anachambua mchele barazani. Simu ikalia. Alisikiliza, akaweka ungo chini taratibu, kisha akajifunika uso kwa pindo la sari. Moyo wa Appu ulikuwa umesimama, na alikuwa na miaka 46 tu. Amma alimlilia kama mwanawe wa kumzaa, na sikushangaa, maana alikuwa amemwona akikua tangu utotoni. Maduka mtaani yakafungwa. Watu wakamiminika uwanja wa Kanteerava kumuaga, usiku na mchana, hadi akazikwa tarehe 31 kando ya wazazi wake.

Lakini kilichonigusa mimi kuliko umati ule ni macho yake. Baba yake alipofariki mwaka 2006 macho yake yalitolewa kwa wasioona, na mama yake pia mwaka 2017. Appu naye hivyo hivyo. Kwa kawaida macho mawili huwasaidia watu wawili. Ya kwake madaktari waliitenganisha kila konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, tabaka la mbele likaenda kwa mgonjwa mmoja na la nyuma kwa mwingine, wakapata kuona watu wanne. Baada ya hapo watu Karnataka walijitokeza kwa wingi mno kujiandikisha kutoa macho yao.

Machi 2022, siku yake ya kuzaliwa, ilitoka filamu yake ya James. Hakuwahi kuiingizia sauti, kaka yake Shivarajkumar ndiye aliyemsemea. Fikiria kaka amesimama mbele ya maikrofoni, anausemea mdomo wa mdogo wake aliyezikwa. Novemba hiyo serikali ikampa Karnataka Ratna, heshima kubwa kuliko zote za jimbo.

Amma naye alijiandikisha. Kadi yake aliichomeka nyuma ya picha ya Appu, kwenye rafu ya sala, akamwita mwanawe mkubwa akamwonyesha ilipo. Akamwambia, "Nikifa usianze kulia kwanza. Piga simu hii, macho yanatakiwa ndani ya masaa sita."