Marishi wa Kihindu sio manabii, ni watu "walioona"

Mdau umeuliza hao marishi wa vitabu vya Kihindu ndo manabii wao au ni miungu midogo. Nilisoma Pune, India, miaka minne, nikapanga chumba kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa Veda haswa, yale maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu. Tulimwita Kaka, kwa Kimarathi kaka ni baba mdogo au mkubwa, ilinichukua muda kuzoea kumwita hivyo mzee wa miaka sabini na kitu.

Swali lako hilohilo nilimuuliza jioni moja tunakunywa chai barazani, akasema nabii anatumwa, rishi anaona. Yaani kwao maneno ya Veda hayana mtunzi, yapo tangu na tangu, rishi ni yule aliyetulia mpaka yakamfunukia, halafu wanafunzi wakayasikia kwake wakayashika kichwani. Rigveda, Veda kongwe kuliko zote, ina nyimbo 1028 ndani ya juzuu 10, na juzuu ya 2 mpaka ya 7 kila moja ni ya ukoo fulani wa marishi, ya 3 ya kina Vishvamitra, ya 7 ya kina Vasishtha. Na kati ya waonaji hao kuna wanawake pia, kina Lopamudra, Ghosha na Apala, hili watu wengi hawalijui.

Sasa usifikiri walikua malaika. Huyo Vishvamitra alikua mfalme, akamtamani ng'ombe wa Vasishtha anayetoa chochote unachomuomba, akataka kumchukua kwa nguvu na jeshi lake, akapigwa vibaya. Akaacha ufalme akaenda kufanya tapas, kujinyima na kuutesa mwili miaka na miaka, akaja Menaka mrembo wa mbinguni yote yakamwagika, akaanza upya, hasira ikamponza tena, akaanza upya, mpaka mwisho Vasishtha yuleyule hasimu wake akamkubali kuwa rishi kamili. Na Gayatri, mantra yaani maneno matakatifu ya sala, inayosomwa na mamilioni kila siku, iko juzuu ya 3 wimbo wa 62 ubeti wa 10, inahesabiwa ni yake. Kaka alikua anaisoma alfajiri amesimama uwani kaelekea mashariki, maji viganjani anayaachia yachuruzike taratibu, mimi namsikia nikiwa kitandani.

Ila anayenigusa kuliko wote ni Satyakama wa kwenye Chandogya Upanishad, moja ya maandiko ya mafundisho yanayofuata Veda. Kijana anataka kwenda kusoma kwa mwalimu, anamuuliza mama yake mimi ni wa ukoo gani, mama anamwambia mwanangu sijui, ujanani nilikua mtumishi wa huku na huku ndo nikakupata wewe, mimi ni Jabala na wewe ni Satyakama, basi jiite Satyakama Jabala. Kijana akafika kwa mwalimu Gautama, kuulizwa ukoo akasimulia yoteee kama mama alivyosema, hakuficha hata kidogo. Mwalimu akasema lete kuni nikupokee, hujauacha ukweli. Akampa ng'ombe 400 waliokonda, kijana akaapa harudi mpaka wafike 1000, na hukohuko malishoni akafundishwa na fahali, na moto, na bata bukini, na ndege wa majini. Kaka alipofika pale mama anaposema sijui alinyamaza kidogo, alilelewa na mama peke yake na yeye.

Na marishi sio wa vitabuni tu. Familia kama ya Kaka zina gotra, ukoo unaobeba jina la rishi, Kashyapa, Bharadvaja, Atri na wengine, wa gotra moja kwa mila hawaoani. Mwezi wa tano mjukuu wake aliolewa, usiku kuhani wa Kihindu akawatoa maharusi nje kuangalia kaskazini zile nyota saba zilizokaa kama upawa, kwao ndo wale marishi saba wakuu wenyewe. Ya pili kutoka mwisho wa mpini ni Vasishtha, na ukikaza macho pembeni yake kuna kinyota kimemganda, huyo ni Arundhati mkewe, maharusi wanaonyeshwa wakae hivyohivyo. Kaka akanivuta mkono akanielekeza kidole. Bwana harusi alihangaika sana, bibi harusi akampindua kichwa kwa mikono miwili, pale, pale, akaiona.